Barafu ya Mama Ilyas

Ingrid, acha unachofanya. Dada yangu Marwa anataka kuhama nchi.

Mama Ilyas amekuja leo kumpima Marwa kabla hajamruhusu mwanawe alete posa. Joto la hapa mtaani Kibenga unalijua. Akaomba maji ya barafu, na Mama, kwa majivuno yote, akamtuma Marwa akamchotee kwenye ile frigo mpya inayotoa maji na barafu mlangoni.

Maji yakatoka, barafu hakuna. Marwa akachomoa waya, akachomeka tena. Akabonyeza kila kitufe. Frigo ikanguruma tu kama mtu mwenye kinyongo.

Mama Ilyas akainuka, akasimama nyuma yake. "We mutoto, sukuma na nguvu!"

Akasukuma.

Ingrid, NDAGALA. Dagaa mzima wa ziwani, aliyeganda mgumu kama msumari, akaruka kutoka mlangoni hadi ndani ya glasi. Halafu wa pili!

Kumbe bomba la maji lilipokauka wiki iliyopita, droo ya barafu ilibaki tupu, na Mama hawezi kuona nafasi ikikaa bure. Akaijaza samaki, hakumwambia mtu.

Mama kakimbilia chumbani, kajifungia. Marwa akajua posa imekufa.

Mama Ilyas akaichungulia glasi, akamtazama Marwa. "Mi sitoki hapa bila kula hawa."

Sasa Marwa anakaanga ndagala, Mama bado hataki kufungua mlango, na Mama Ilyas anauliza sebuleni kama frigo yetu inatoa na pilipili.