Kipimo cha Mwani Mwekundu

Jumatatu, 4 Februari 2008
Nimesaga mwani tena tangu asubuhi. Ute mpaka kwenye nywele. Maabara inanuka samaki aliyechacha. Tunatafuta mbegu itakayostahimili maji ya moto, nyekundu au ya kijani, na wanawake wa Makunduchi wanaolima mwani wanaingoja. Tunaangalia jeni ya kupambana na joto imepanda kiasi gani, kwa kuilinganisha na jeni nyingine isiyoyumba, aktini. Nani kahakikisha kwamba haiyumbi? Hakuna.

Jumatano, 6 Februari
Nimeipima aktini yenyewe. Kwenye ya kijani imetulia. Kwenye nyekundu, maji yakipata moto, inaporomoka. Kipimo kikishuka, kinachopimwa kinaonekana kimepanda. Basi sifa zote za nyekundu, kwamba ndiyo inayostahimili joto, ni hewa tupu. Nikajaribu jeni nyingine. Mbili zimesimama imara kwenye mbegu zote, na kwa hizo nyekundu haina lolote. Ya kijani ndiyo yenye nguvu.

Alhamisi, 7 Februari
Nimempelekea matokeo Daktari Nassor, mkuu wetu. Hakusoma.

"Aktini kanifunza mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Wewe unataka kumkosoa maiti?"

Akaendelea kuchovya mkate kwenye chai. Makombo juu ya karatasi zangu. Sote pale tumelelewa hivyo, la mkubwa halipimwi. Adabu gani hii? Inanitia kinyaa. Jumamosi anakwenda Makunduchi kugawa mbegu nyekundu.

Jumamosi, 9 Februari
Makunduchi. Turubai, soda, hotuba. Kabla hawajaanza nilimvuta pembeni shangazi yangu, Bi Mize, nikamwambia wazi kuwa nyekundu itakufa na msimu wake utakwenda nayo. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaenda kuipokea kwa mikono miwili. Nikamuuliza kwa nini.

"Mtu katoka mjini na zawadi, mwanangu. Ntamrejeshea usoni?"

Ataifunga kwenye kamba zake zote baharini. Wenzake pia. Nimewachukia wote leo, na yeye.

Jumapili, 16 Machi
Bahari imepata moto. Nimekwenda Makunduchi. Nyekundu imegeuka nyeupe, inakatika mkononi. Harufu mbaya ufukwe mzima. Tumefungua kamba pamoja, mimi na Shangazi. Hakulaumu mtu. Ataomba mbegu ya kijani kwa majirani, wakiwa nayo.

Nilipoaga alinipa pweza mkavu, kamfunga vizuri kwa ukili. Si wangu. Wa Daktari, shukrani ya mbegu.

Nimemweka jikoni kwangu.