Kwa Dada Spesioza, Ambaye Chuo Kinasema Aliacha Masomo

Mpendwa dada Spesioza,

Shikamoo. Miaka ile ya Lukole ulikuwa ukiitikia marahaba kwa kicheko, kwa kuwa ulinizidi umri kidogo tu na ulidai nakuzeesha. Sasa sijui uko upande gani wa Burundi, wala sijui kama uko hai. Naandika mbele ya watu kwa sababu sina anwani yako, na kuna jambo ambalo ni heri ulisikie kutoka kwangu.

Wanaosoma hapa hawatujui, kwa hiyo nianzie mbali kidogo. Wewe ulikuwa mkimbizi, mwalimu katika shule ya kambi ya Lukole. Mimi nilikuwa mwalimu wa muda kwetu Mbuba. Chuo kikaleta kozi ya ualimu wa sayansi na hisabati kwa njia ya posta, kikachukua wenyeji na wakimbizi pamoja. Vijitabu vilishushwa Lusahunga na malori, vikatufikia vimelowa na kunuka dizeli. Kila Jumamosi tulikutana na mkufunzi katika darasa moja jirani na kambi, mimi na baiskeli yangu, wewe kwa miguu. Nilisema Kihangaza cha kwetu, ukanijibu kwa Kirundi, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Kitabu cha majedwali ya logi kilitolewa kimoja kwa watu wawili. Wenzetu walipokezana. Wewe ulichomoa nyuzi kwa sindano, ukakigawa katikati: namba ndogo kwangu, namba kubwa kwako. Nilipolalamika ukasema, "Ndiyo vizuri, hutakosa kuja Jumamosi." Basi wiki nzima nilifanya hesabu nikiacha nafasi kila nilipokuta namba iliyo kwako, nawe ukiacha zilizo kwangu. Jumamosi, kabla mkufunzi hajafika, tulijaziana.

Chuo kikarudisha kazi zetu na wino mwekundu: mmeibiana majibu. Msahihishaji aliona kalamu yangu ya bluu kwenye karatasi zako na nyeusi yako kwenye zangu. Mkufunzi alishika kichwa. "Sasa hawa wakubwa nitawaelezaje?" Ukamwambia taratibu, "Waambie kitabu ni kimoja, mwalimu." Alipotoka ulicheka mpaka ukakaa chini, na mimi niliyekuwa nimekasirika nikaishia kucheka nawe.

Darasa likaanza kupukutika. Mmoja alirudi shambani, mwingine akapata kibarua cha kugawa posho, wengine walinyamaza tu, Jumamosi ikapita bila wao. Nilikuuliza kama nawe umechoka. Ulisema, "Nimechoka. Ila nikiacha na hii, nitabaki na nini ambacho ni changu?" Nyumba yenu ya Burundi ilikwishachomwa, na kule Lukole hata turubai lililokufunika halikuwa lako.

Ikafika zamu ya mazoezi ya maabara, Biharamulo. Bila mazoezi hayo hakuna cheti. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi bila kibali, na aliyetakiwa kukisaini chako alikuwa safarini. Gari la chuo liliposimama kutuchukua, ulikuwa umevaa lile gauni lako la kijani, umelipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo imesimama. Dereva akasema hawezi. Hukubishana. Ulinisogelea dirishani ukaniambia, "Nenda. Angalia vizuri rangi inavyobadilika, utakuja kunieleza."

Nilikwenda. Tone moja tu la kemikali, na maji yasiyo na rangi yakawa waridi. Niliporudi nikakusimulia. "Waridi ya namna gani?" ukauliza. Nilitafuta kitu cha kufananisha pale kambini, nikakosa. Ukasema si neno, utaiona mwenyewe mwakani.

Lakini kabla ya mwaka huo kufika watu walikuwa wanarudishwa kwao. Jumamosi moja nilikusubiri, hukuja. Nikaenda mpaka kwako nikakuta kuta za udongo bila turubai. Jirani yako alisema, "Wamepanda lori juzi, yeye na mama yake." Hakuwa na zaidi.

Mimi nilimaliza, dada. Leo nafundisha hisabati chuoni, sehemu kubwa kwa mtandao. Naongea na majina kwenye kioo, na majina yenyewe yanapungua kama tulivyopungua sisi. Chuo kimeanzisha utafiti wa kujua kwa nini wanafunzi wa sayansi na hisabati wanaishia njiani, nami nimo. Tunawapigia simu walioacha. Asiyepatikana tunamruka. Kwa hiyo tunachojua ni habari za wanaoweza kupokea simu, na hilo linanikera kuliko ninavyoweza kusema kwenye kikao.

Juzi kijana mmoja wa timu yetu, mtu mzuri tu, alisoma tulichoandika: wanaodumu ni wale wenye nia. Nikamwambia namjua mtu aliyekuwa na nia kunishinda, na hakumaliza. Akaniuliza kwa heshima, "Yuko wapi, tumhoji?" Nikasema sijui. Akaendelea kusoma.

Nikatoka pale nikaenda kwa mama wa usajili. Alikutafuta kwa uvumilivu, akakupata. Umefaulu kila somo, na mwishoni wamekuandika: ameacha. Nikamwomba abadilishe, aandike alizuiwa. Akasema hakuna sehemu ya kuandika hivyo. Nikauliza basi kama unaweza kurudi ufanye mazoezi tu. "Kozi hiyo ilifutwa zamani, mwalimu. Hata akija leo, ataanza kama mtu ambaye hajawahi kusoma."

Hilo ndilo nililotaka ulisikie kwangu. Miaka yote hii nimekuwa nikikuona moyoni umekaa mahali na vijitabu vyako, unajikumbusha, unangoja uitwe. Picha hiyo ilinifariji, nikaiacha iendelee. Sasa inaniumiza. Kama ni kweli bado unangoja, dada yangu, acha kungoja. Vijitabu vifungie karanga, au washia moto upike. Hakuna gari litakalokuja.

Ubaki salama popote ulipo.

Mdogo wako wa Mbuba