Mama Tekla Aliponikaribisha Jumuiyani

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Sofu tupo, ila mjomba wako bado anaumwa kifua. Unauliza umwalikeje kanisani mwenzako wa chumbani aliyefiwa na mama.

Mimi nilikuzwa Mwislamu kule Kisarawe. Nilipoolewa huku Kibaha, mtoto wangu wa kwanza alifariki. Matanga yalipokwisha, watu wakarudi makwao. Jirani yangu Mkatoliki, Mama Tekla, ndiye aliyeendelea kuja. Tulichambua mchicha pamoja. Siku moja akasema, "Kesho jumuiya yetu, sisi majirani wa kanisa, inasali kwangu. Karibu ukae nasi. Ukitaka kuondoka, nitakusindikiza."

Nilikwenda. Wanajumuiya walipotaja marehemu wao, Mama Tekla akaniuliza taratibu, "Mwanao aliitwa nani?" Nikamtaja. Wakamwombea, nami nikalia mbele yao.

Nilibatizwa baada ya muda mrefu. Mama yangu hakuja. Nilipokwenda Kisarawe kumwona, alinipakulia wali, akakaa nami bila kuzungumza mpaka nikamaliza. Hilo linaniuma hadi leo, ingawa sijutii nilikoingia.

Mwalike mwenzako, lakini kumbuka naye ana watu wake, kama mimi nilivyokuwa na mama. Akikataa, endelea kula naye.

Nakuombea kila jioni,
Bibi yako