Sala ya Bibi na Viatu vya Mwalimu

Jumapili, 2 Mei 1897
Leo kanisani tumesimama mara kumi na moja, tukaketi mara kumi na moja. Mwalimu Dabaso amepata viatu kutoka Kipini. Vinalia anapotembea, na sisi tumekatazwa hata kukohoa! Mchungaji yuko safarini, kwa hiyo Mwalimu ndiye atakayebatiza Jumapili ijayo. Bibi Mashavu anautaka ubatizo. Kifua chake kinazidi kumbana. Ameniambia anataka kubatizwa kabla hajafa — kwa sauti ileile anayoniagizia chumvi.

Jumatano, 5 Mei
Bibi anaijua Sala ya Bwana yote. Nilimfundisha tukitwanga mpunga, mchi wake, mchi wangu, kila neno na pigo lake. Leo hakukosea hata mahali pamoja.

Alhamisi, 6 Mei
Mtihani wa ubatizo: kusema Sala ya Bwana bila kukosea. Mwalimu alimsimamisha Bibi mbele ya meza, mikono imebanwa mapajani, maana ndivyo watu wa heshima wanavyosimama mbele za Mungu. Bibi akaanza. Akakwama. Nikaomba aruhusiwe kupigapiga hata ukingo wa meza. Mwalimu akasema kanisa si mahali pa kutwangia. Watu wakacheka.

Bibi akamwambia, "Mwanangu, maneno ninayo. Yamo mikononi."

Mwalimu akalifuta jina lake katika orodha ya wabatizwa.

Tukirudi, Bibi aliiloweka mikono mtoni, mtumbwi ukienda.

Jumamosi, 8 Mei
Bibi hali chakula tena. Mama amekwenda kumsihi Mwalimu. Amekubali kuja kumbatiza kesho baada ya ibada, mradi apate kiti, na meza yenye kitambaa cheupe. Kiti tumeazima. Meza hatuna. Tumekipindua kinu, tukakifunika shuka. Labda hatakitambua!

Jumapili, 9 Mei
Amefika! Maji yamepungua, mtumbwi ulikwama matopeni, akaja peku, viatu kichwani. Sasa ameketi uani, Mama anamwosha miguu. Anasema hawezi kubatiza bila viatu.

Bibi ameanza sala mwenyewe, bila kuulizwa. Vidole vyake vinapiga mkeka. Hakosei — hakosei hata neno! Nimetoka mara mbili kumwita Mwalimu aje asikie. Amesema nisubiri, kamba ya kiatu imeloa maji ya kuoshea miguu, haipiti tunduni.

Bibi amefika kwenye maneno ya mkate wetu wa kila siku. Anapiga polepole sasa. Ninaandika nikiutazama mkono wake. Nimemwita tena. Bado yuko kwenye kiatu cha kwanza —