Chai ya Mzee Gathogo na Turbo ya Shemeji Kimani

Bondeni, Nakuru

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua swali lako la kwanza ni kama nimekula, kwa hiyo nijibu kabisa: nimekula ugali kwa kunde na mjukuu wako Wairimu, nimeshiba. Wewe je? Goti limekubali kupanda ngazi za kanisa, au bado unabaki nje ukisingizia joto? Mama ameniambia mvua imewanyima tena huko Voi, nami huku nakanyaga matope kila siku, nikaona haya kulalamikia baridi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unasikia nusu tu, na jambo hili nataka ulisikie lote. Dada atakusomea. Mwambie asiruke mahali nilipokasirika.

Maana nimekasirika, Baba, na sijapoa.

Unamkumbuka shemeji yangu Kimani, mdogo wake mume wangu, yule mrefu aliyemaliza ndizi zako siku ya mahari. Anaishi Dundori na mama mkwe. Wanalima karoti na viazi, na tangu baba mkwe afariki, nyumba ile imesimama kwa ng'ombe wawili wa maziwa. Dawa za mama mkwe za presha hutoka kwa ng'ombe hao, chumvi hutoka kwao. Sasa Kimani akapata wazo kwamba akiwa na gari atashusha mboga mjini mwenyewe, aachane na mabroka. Wazo si baya. Pesa ndizo hakuwa nazo. Lakini Mzee Gathogo, mzee wa kanisa lao, alikuwa na gari dogo la petroli lenye buti pana, na alikuwa tayari kubadilishana: gari kwa ng'ombe wote wawili. Kimani akaniomba nipande Dundori nilikague, kwa kuwa fundi wa ukoo ni mimi.

Gari lenyewe lina turbo. Wewe umezizoea zile kubwa za matrekta ya mkonge. Hii ni ya kukaa kiganjani, kazi yake ni kusukuma hewa ndani ili injini ndogo ivute kama kubwa. Inazunguka kwa kasi ya ajabu na uhai wake ni oili. Mwenye gari akiwa mvivu wa kubadilisha oili, turbo inaanza kufa polepole, na injini ikishapata moto huwezi kujua kwa urahisi. Ndiyo maana uliniambia, nikiwa bado na sare ya shule, kwamba injini isikilizwe inapoamka.

Tulifika kwa Mzee Gathogo kama saa nne asubuhi, mimi, Kimani na mama mkwe. Gari limeoshwa linang'aa. Nikaweka mkono juu ya boneti. Lilikuwa la moto kama kikaango.

"Nimetoka tu kuchukua mkate ya hii chai," akasema Mzee Gathogo.

Chai yenyewe ilikuwa tayari mezani, na chapati zimefunikwa kwa kitambaa. Nikamshukuru, nikasema nitakunywa nikimaliza kazi, na kwamba naomba tungoje injini ipoe kabisa ndipo niiwashe. Baba, ungefikiri nimetukana. Huku ukishakunywa chai ya mtu wewe ni mgeni wake, na mgeni hachungulii ekzosi ya mwenyeji. Nilijua hivyo, ndiyo sababu nilikataa. Na yeye alijua hivyo, ndiyo sababu aliipika.

"Mama Wairimu, unatuaibisha," mama mkwe akaninong'oneza. "Huyu ndiye alituzikia baba yenu."

"Wacha aangalie, mama," Mzee Gathogo akasema huku akitabasamu. "Lakini kweli mzee wa kanisa anaweza peana gari mbovu?"

Wakaniachia mimi swali hilo nilijibu. Nikafungua boneti. Nikalegeza paipu ya hewa, na ndani ilikuwa imelowa oili. Nikaingiza kidole nikaitikisa ile shafti ya turbo, chuma kinachozunguka katikati yake, ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikachomoa kijiti cha oili. Ilikuwa nzito mno, aina ya oili ambayo watu humwaga ndani ili moshi usionekane siku ya kuuza. Nikayasema yote hayo mbele yao kwa sauti ya kawaida. Nikaomba tungoje kwa muda wa saa tatu tu, tuiwashe ikiwa baridi, kila mtu ajionee moshi kwa macho yake.

Mzee Gathogo akasema ana kikao. Nikamtazama Kimani. Alikuwa ameshika kikombe cha pili, mdomo umejaa chapati.

"Si wewe ni fundi?" akaniambia. "Ikisumbua utatengeneza."

Niliteremka hadi barabarani kwa miguu, peke yangu. Siku mbili baadaye ng'ombe wakahama.

Wiki ya tatu Kimani alikuwa anapanda kutoka mjini kurudi Dundori. Gari likaanza kulia kama king'ora, moshi wa bluu ukafunika barabara, na nguvu zikaisha palepale mlimani. Likavutwa mpaka gereji yetu. Na unajua neno la kwanza la mama mkwe lilikuwa lipi? "Ungetuambia kwa nguvu." Kwa nguvu, Baba. Nilitakiwa nimpige mtu na spana? Kimani naye akasema nilileta mkosi kwa kukataa chai ya watu. Nilifungua ile turbo machozi yakinitoka kwa hasira, si kwa huruma, ingawa huruma ilikuja baadaye, nilipokumbuka kwamba mama mkwe sasa ananunua maziwa dukani kwa pakiti.

Alhamisi iliyofuata, nani kaja gereji? Mzee Gathogo, peke yake, kofia mkononi.

"Mama Wairimu, kuna pikapu naangalia huko Rongai," akasema. "Macho yako ni mzuri. Naomba twende na wewe. Lakini twende mapema sana, kabla hawajawasha."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikutarajia ingeishia mlangoni kwangu. Nikaichukua ile turbo mezani nikamwekea mkononi. Nikamwambia atikise shafti. Akaitikisa. Kisha akaangalia nje.

"Ng'ombe kwanza, ndipo Rongai," nikamwambia.

"Hiyo maneno tulimaliza na Kimani."

"Basi Jumapili nitaibeba kanisani niiweke kwenye meza ya sadaka. Kila mtu akipita na sadaka yake aitikise kama wewe."

Akavaa kofia akaondoka bila kuaga.

Jumamosi ng'ombe walirudi, na gari likavutwa kurudishwa kwake. Ungefikiri sasa nimefurahi. Ngoja. Jumapili Mzee Gathogo alisimama mbele ya kanisa akasema Bwana amemgusa moyo, amerudisha ng'ombe wa mjane. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akalia, akaenda kumshika mkono kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na kucha zangu nyeusi za oili, na hakuna aliyegeuka.

Jana nilikwenda Dundori. Mama mkwe alikamua, akapika chai, akaniwekea kikombe mbele yangu bila kunitazama. "Kunywa," akasema. Sikuambiwa pole wala asante. Nilikunywa vikombe vitatu, na kila kimoja nilikinywa polepole.

Nisalimie Mama, umwambie kanga alizonitumia zimefika na nimeshavaa moja. Msalimie kaka dereva wa lori, abadilishe oili kabla hajaambiwa. Msalimie shangazi mwenye kibanda cha mihogo, na mjomba wa kwaya, na huyu dada anayekusomea, kwa kutoruka kitu.

Jumatano alfajiri naenda Rongai, kwa sababu ahadi ni ahadi hata ukimpa mtu kama yule. Mzee Gathogo amenipigia simu mara mbili kuhakikisha kwamba nitaigusa boneti kwanza. Anasema wenye pikapu wamemwahidi chai.

Ni mimi binti yako na fundi wako,
Wakio