Ngiri yangu, nusu kaputi na nahodha wa kwenye barafu

Ipuli, Jumatano alasiri. Joto la kukausha mate. Mawingu yamejaa, ila nayajua hayo, yanatudanganya tu.

Shajara, andika hivi: mimi siogopi kisu. Kesho saa tatu asubuhi napasuliwa ngiri, na chumba kile nitakiingia nikipiga mluzi.

Haya, futa. Uongo mtupu.

Mwezi uliopita nililazwa kwa ngiri hiihii, na walipokuja na kitanda cha magurudumu hawakunikuta. Nilikuwa nyuma ya jiko la hospitali, ndani ya lile gauni lao lisilo na mgongo, nambembeleza mama mmoja muuza uji aniitie bodaboda. Nusu ya Ipuli imeyaona makalio yangu, na hakuna aliyesema ni mazuri.

Naogopa. Kisu chenyewe ningekivumilia. Naogopa nusu kaputi.

Daktari ni binti mdogo, ananipa shikamoo kwanza ndipo anivue suruali. Ameniambia bila kuzunguka kwamba utumbo ukijinyonga humo ndani, nitafia njiani. Kwa hiyo nikitoroka tena naweza kufa. Nikienda, nalala usingizi ambao sikuuomba, na sijui atakayeamka ni nani.

Hilo la mwisho limeletwa na tamthilia.

Mjukuu wangu Mwajuma, ndiye aliyenifungulia hii blogu, ananionyesha tamthilia ya watu wanaosafiri kwa chombo cha angani kwenda nyota ya mbali. Safari ni ndefu kuliko umri wa mtu, kwa hiyo wanalazwa kwenye makabati ya barafu, na akili zao zinatunzwa ndani ya mtambo. Wakikaribia kufika, mtambo unawarudishia. Mimi ni wa darasa la nne, lakini mpaka hapo nilikuwa naelewa.

Juzi nahodha wao akaamka. Kumbe mtambo ulikuwa umeharibika, akili yake halisi imepotea, wakamwekea nakala. Yeye hajui. Anatembea, anatoa amri, anamwita mkewe kwa jina la mahaba. Daktari wa chombo anajua, na wenzake wawili wanajua. Wakimwambia, atavunjika moyo na chombo hakina nahodha mwingine. Wakinyamaza, yule mke analala na nani?

Mwajuma akaniuliza, "Babu, ungekuwa wewe ungemwambia?"

"Ningenyamaza. Chombo kifike kwanza."

"Kwa hiyo Alhamisi ukiamka ukiwa mtu mwingine, na sisi tunyamaze?"

Alikuwa anacheka. Mimi tangu hapo sijacheka.

Nimelichambua jambo hili siku mbili nzima. Na nimegundua aliyeitunga tamthilia ile amefanya kosa. Ili kumpima kila anayeamka, wanamuuliza amezaliwa lini, mama yake anaitwa nani, neno la siri la mlango ni lipi. Sasa, majibu yote hayo si yamo ndani ya mtambo uleule? Nakala itafaulu tu! Ni sawa na kumpa mwizi funguo halafu umpime kama anaweza kufungua. Hakuna hata mmoja mle ndani mwenye akili ya kumuuliza kitu ambacho hakijawahi kuandikwa popote.

Wale watu hawana watani. Hilo ndilo tatizo lao.

Mimi ninaye, anaitwa Ndahani, Mgogo, anakaa Isevya. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, na babu yake alikaa kule Ugogo akiwadai wapagazi hongo ndipo wanywe maji. Utani wetu umetoka njiani humo. Tukionana lazima mtu atukanwe, na kukasirika ni mwiko. Nilipompigia jana kumwambia habari ya ngiri, hakusema pole. Alisema, "Nyie Wanyamwezi mmezoea mizigo. Miaka mitatu unabeba ngiri, nani atakulipa ukifika?"

Nilitaka kumwambia naogopa. Badala yake nikamwambia meno yake yameisha kwa kutafuna hongo. Akakata simu akicheka, nami nikabaki na uoga wangu mkononi.

Ndahani, najua mwanao anakusomea blogu hii, basi sikiliza.

Kumbuka enzi za Mwingereza, mimi na wewe vijana wa reli, nguo moja ya kazi tunapokezana. Ukaugua kidole tumbo. Kabla hawajakuchukua ulinishika shati ukaninong'oneza kwamba yule daktari Mzungu akikuwekea kile kitambaa cha dawa puani, atakutoa wewe na kuingiza mtu mwingine. Nilikucheka, Mungu anisamehe. Lakini nilikaa nje ya dirisha la wodi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, juani. Nilipoona kope zako zinacheza nikapiga kelele: "Wewe Mgogo, amka, ng'ombe wako wamekuja kukuzika wenyewe, binadamu wamekataa!"

Hukufumbua hata jicho. Ulisema kwa sauti ya mgonjwa, "Na wewe ndiye umewabebea jeneza." Nesi akanifukuza na beseni lenye mambo yake. Nililowa, na nilikimbia nikifurahi, kwa sababu neno lile hakuna daktari angeweza kukuwekea kichwani. Lilikuwa jipya, na lilikuwa lako.

Hukunishukuru, na mtani hashukuru. Lakini unadaiwa.

Sitatoroka. Nimeshampa Mwajuma viatu vyangu avifiche. Wewe panda bajaji kesho mapema, uje ukae kwenye benchi la nje ya wodi, madaktari waseme wasemavyo. Usije na maua, usije na pole. Nikianza kufumbua macho, nitukane. Tusi jipya, Ndahani, ambalo sijawahi kulisikia, halafu usubiri. Ukiona nimetulia kimya, au nimekujibu kwa adabu, usiwafiche watoto wangu. Waambie.