Uso wa Yustina Katika Picha Mbili

Mwanangu Mama Yustina,

Kamwene. Hapo Kihesa mmeamkaje? Kifua cha mumeo kimepoa? Mimi huku Mbeya nipo. Baridi inanitafuna miguu, lakini miguu yangu si habari.

Barua yako tumesomewa hapa wodini. Unasema ulipoiona picha ya Yustina ulipiga vigelegele, mtoto amenawiri, mashavu yamejaa, basi utakuja mkimaliza kuvuna. Mwanangu, hayakujaa. Anakohoa damu. Uji anaugusa tu.

Anayeniandikia ni Ambakisye, mpiga picha aliyepiga ile uliyoipata. Nimemwambia, andika nisemavyo, usinilainishie. Anasema kioo cha mbele cha kamera kina utando wa zambarau, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Huo ndio unaozuia mwanga usirukeruke mle ndani ukaharibu sura. Mkewe aliuona akadhani ni mafuta ya mikono. Akakisugua kioo kwa jivu, kama sufuria, hadi kikawa cheupe. Mwanamke msafi yule, nimlaumu nini? Tangu hapo kila picha ina ukungu. Yustina alikaa dirishani, mwanga ukamwagika usoni ukafukia mashimo yote ya mashavu. Hicho ndicho ulichokipigia vigelegele.

Juzi Ambakisye alipata kioo kingine, chenye utando wake. Akarudi, akampiga picha tena pale pale dirishani. Picha ilipoletwa, Yustina aliitazama, akaifunika kitandani.

“Bibi, hii usimpelekee mama.”

“Kwa nini?”

“Ile nyingine ilinipenda.”

“Ilikupenda, ikamfungia mama yako Kihesa!”

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Alipotulia akaniuliza basi la Iringa hufika siku gani. Mtoto huyu hakuombi, mwanangu. Anauliza basi.

Basi nimeitia humu hiyo safi, yeye hajui. Keti kwanza ndipo uitazame.

Msalimie mkwe wangu, mwambie mahindi hayana miguu, hayatakimbia. Wifi yako nisalimie sana, ndiye atakayewapikia wadogo, na asinune. Mchungaji wenu atuombee, ila asikushike kwa maombi ukaachwa na basi.

Ni mimi mama yako niliyekuzaa. Njoo angali na sauti ya kukuita.